Kiwavi Anayekimbizana na Jani

Msitu ukitazamwa juu juu huonekana kama karamu isiyo na mlinzi: majani tele, wadudu tele, na mti usioweza kukimbia. Hata hivyo majani mengi husalimika, kwa kuwa mti hujilinda kwa kemikali. Lakini kosa kubwa ni kudhani kwamba ulinzi huo ni sumu tu. Nguvu yake hutegemea wakati. Ushahidi umo katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, ambako Paul Feeny alichunguza viwavi wa nondo wa majira ya baridi wanaoshambulia mialoni. Jike wa nondo huyo hawezi kuruka. Mwishoni mwa mwaka hupanda shina kwa miguu na kutaga mayai juu mtini. Mayai huanguliwa Aprili matumba yanapofunguka, na kufikia Juni viwavi wameshashuka ardhini. Mwaka 1970 Feeny alieleza sababu ya haraka hiyo. Tanini, kemikali kali ileile iliyomo katika maganda ya mikoko na inayotumika kutengeneza ngozi, ilikuwa chini ya asilimia 1 ya uzito mkavu wa jani mwezi Aprili, ikazidi asilimia 5 Septemba, huku protini ikipungua.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Tumbo la kiwavi lina hali ya alkali, ambamo tanini haishikamani na protini kwa urahisi. Isitoshe, Feeny mwenyewe aliona kwamba majani yaliyokomaa yakisagwa, viwavi hunenepa karibu sawa na waliolishwa machanga. Basi ugumu wa jani nao ni kikwazo. Hata hivyo, tanini kidogo tu ikichanganywa kwenye chakula cha maabara hupunguza ukuaji wao, na katika alkali huweza kugeuka kuwa vitu vinavyodhuru utumbo. Hoja hizi hazibomoi wazo la wakati, bali zinaliimarisha: ugumu, tanini na upungufu wa protini huja pamoja, na kiwavi aliyechelewa hukutana navyo vyote.

Aliyewahi naye hufa njaa matumba yakiwa bado yamefungwa. Ndiyo maana mialoni isiyochipua siku moja ni kinga ya msitu mzima, na anayepanda miche ya asili moja tu anaitupa kinga hiyo kwa mikono yake.