Kompyuta Iliyopiga Hodi Isiitikiwe

Mama mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu saa tatu usiku. Binti yake alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita, na kompyuta ilikuwa imegoma kuingia kwenye intaneti. Wi-Fi ilionekana, neno la siri lilikubaliwa, na simu za watu wengine humo ndani zilikuwa zinafungua video bila taabu.

"Shikamoo mama. Umeshaigusa ruta?"

"Marahaba mwanangu. Bado. Nimeambiwa nitafute pini niiingize kwenye kile kitundu cha nyuma. Ninayo hapa mkononi."

Nilimwomba aiweke pini pembeni. Kisha binti akafungua kidirisha cheusi cha amri, akaandika ipconfig na kunisomea mstari wenye neno IPv4. Akaanza: 169, nukta, 254, nukta... Hizo namba mbili za mwanzo zilinitosha. Kompyuta yake ilikuwa nzima. Ilikuwa imepiga hodi, na hakuna aliyeiitikia.

Katika kazi hii ya kutengeneza mitandao ya majumbani, kinachowagharimu watu kuliko hitilafu yenyewe ni kubonyeza kabla ya kusoma. Mtu huchomoa nyaya, huondoa programu, hubadilisha neno la siri, huinunulia nyumba ruta mpya, na muda wote huo jibu limeandikwa ndani ya kompyuta yake kwa namba nne. Anwani ya IP ni kama kipimajoto cha mgonjwa: mganga anayeanza kutoa dawa bila kukitazama anabahatisha.

Namba hizo nne, kila moja kati ya 0 na 255, ni mpango uliowekwa mwaka 1981. Ukizihesabu zote unapata anwani zipatazo bilioni 4.3. Zamani zile zilionekana nyingi mno. Leo nyumba moja ina simu tano, televisheni, kompyuta mbili na kamera ya getini, na anwani zimekwisha kitambo: hifadhi kuu ya dunia iligawiwa hadi mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kilichotuokoa ni kwamba mwaka 1996 mafungu matatu yalithibitishwa kuwa ya matumizi ya ndani tu, yaani yanayoanza na 10, na 192.168, na yale ya kuanzia 172.16 hadi 172.31. Ndiyo sababu kompyuta ya Mombasa na ya Muscat zinaweza zote kuitwa 192.168.1.5 zisigongane. Kila moja inajulikana hivyo ndani ya nyumba yake tu, na ruta ndiyo inayotoka nje kuzungumza kwa niaba ya wote.

Anwani hizo za ndani kwa kawaida hugawiwa na ruta, kwa utaratibu unaoitwa DHCP uliobuniwa mwaka 1993, nao ni mazungumzo ambayo Mswahili yeyote anayaelewa. Kompyuta ikiingia mtandaoni haijui ruta iko wapi, kwa hiyo inapaza sauti kwa wote waliomo: hodi, mimi mgeni, nani ana anwani ya kunipa? Ruta inaitika: karibu, ninayo 192.168.1.104, itakufaa? Kompyuta inajibu: naipokea hiyo. Ruta inamaliza: haya, ni yako kwa saa 24. Jumbe nne, na mara nyingi yote hayo hayafiki sekunde mbili. Neno la kushika hapo ni saa 24. Anwani huazimwa. Ikifika nusu ya muda, kompyuta iliyo hewani huenda yenyewe kuomba iongezewe, nawe hujui kama kuna lililotokea.

Je, hodi isipoitikiwa? Sisi tungeondoka. Kompyuta hujichagulia anwani yenyewe, ikianza na 169.254. Si kosa la programu. Ni kanuni iliyoandikwa rasmi mwaka 2005 na wahandisi Stuart Cheshire, Bernard Aboba na Erik Guttman, ingawa Windows ilikuwa ikifanya hivyo tangu toleo la mwaka 1998. Lengo lilikuwa jema: kompyuta mbili zilizounganishwa kwa kebo, bila ruta wala fundi, ziweze kupeana mafaili. Lakini anwani hiyo haivuki nje ya mtandao wa hapo ulipo. Katika nyumba yenye ruta, ukiiona, ujue tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Kampuni ya intaneti haihusiki hata kidogo, na ukiipigia simu utasubiri bure kwenye laini. Windows itaendelea kupiga hodi kila baada ya dakika tano hivi, ikitumaini.

Sasa kwa nini ruta ilinyamaza usiku ule, na simu za wengine zilikuwa hewani? Nilimuuliza mama kama kulikuwa na wageni. Alicheka. Mchana kulikuwa na shughuli, ndugu walikuja kutoka Morogoro na Tanga, na kila aliyefika aliomba neno la siri la Wi-Fi kabla hajanywa hata chai. Nyumba yenyewe ina wapangaji wanne wanaochangia ruta ileile. Kijana aliyeifunga alikuwa ameiwekea fungu la anwani ishirini tu, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.119, akidhani kwamba kwa kufanya hivyo intaneti haitakuwa nzito. Anwani ishirini zilikuwa zimekwisha kabla ya alasiri. Wageni wengi walikuwa wameshapanda mabasi kurudi makwao, lakini muda wao wa kuazima haukuwa umekwisha, kwa hiyo ruta bado ilikuwa imewawekea viti. Binti alipowasha kompyuta yake jioni, hapakuwa na kiti.

Simu za kisasa huongeza uzito wa jambo hili. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huficha namba yake halisi ya kiwandani na kujitambulisha kwa namba ya kubuni, ili isifuatiliwe kirahisi. Ni ulinzi mzuri, sishauri uuzime. Ila simu ikibadilisha namba hiyo, ruta huiona kuwa mgeni mpya na kuipa anwani nyingine, huku ile ya kwanza ikiwa bado imeshikiliwa. Nyumba za wageni na hosteli za wanafunzi zinalijua tatizo hili vizuri hata kama hazijui jina lake.

Kompyuta isiyo na anwani sahihi haiwezi kuingia kwenye ukurasa wa ruta kurekebisha chochote, kwa hiyo tulitumia simu ya mama iliyokuwa imeshaunganishwa. Alifungua kivinjari, akaandika 192.168.1.1, akaingia kwa neno la siri la msimamizi, akatafuta sehemu ya DHCP na kubadilisha mwisho wa fungu kutoka 119 kuwa 199. Akahifadhi. Binti akaandika ipconfig /renew, na safari hii mstari ulisoma 192.168.1.120. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Hodi hunyimwa jibu kwa sababu nyingine pia. Kebo iliyokunjwa na mguu wa meza. Angalia kama taa ndogo pale inapochomekwa inawaka. Ruta iliyoganda baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, ambayo huzinduka ukiizima swichini, ukahesabu nusu dakika, ukaiwasha. Programu ya ulinzi inayozuia zaidi ya inavyopaswa. Fundi aliyezima DHCP akasahau kuirudisha.

Hitilafu inayonisumbua zaidi haina hata hiyo 169.254 ya kukushtua. Mwalimu mstaafu alinunua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike ghorofani, akaivuta kwa kebo kutoka ruta ya chini na kuichomeka kwenye mojawapo ya matundu manne yanayofanana. Kila kitu kikawaka. Tangu hapo intaneti ikawa na tabia za ajabu: leo kompyuta inafungua, kesho haifungui, printa inaonekana asubuhi, jioni imepotea. Mafundi wawili walimwambia abadilishe kompyuta. Tuliposoma anwani za vifaa vyote vya nyumba, nusu vilikuwa 192.168.1 na nusu 192.168.0. Kulikuwa na wenyeji wawili wanaoitika hodi, na mgeni hupokewa na anayewahi. Aliyepokewa na ruta ya juu alipewa anwani nzuri kabisa na kuelekezwa kwenye lango lisilotoka popote, kwa maana ruta hiyo haikuwa na njia yake ya kwenda nje. Dawa ilichukua dakika kumi: ruta ya juu ikapewa anwani 192.168.1.2, DHCP yake ikazimwa, ikabaki kurusha Wi-Fi tu. Nyumba moja, mgawaji mmoja. Fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kompyuta mpya alizitumia kwa mambo mengine.

Ukisoma anwani ukakuta ni ya fungu la ndani na inafanana na ya wenzako, sogea mbele kwa amri ya ping. Aliiandika Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983, na jina la amri hiyo ni ule mlio wa sona ya manowari: unarusha sauti, unasikiliza mwangwi. Anza na lango la nyumba, yaani anwani iliyo kwenye mstari wa Default Gateway: ping 192.168.1.1. Likijibu ndani ya milisekunde chache, ndani ya nyumba hakuna tatizo. Kisha vuka nje: ping 8.8.8.8, seva ya Google inayofahamika kwa kujibu. Isipojibu ilhali lango linajibu, hapo sasa una haki ya kuipigia kampuni yako simu, na ukiwaeleza ulichopima watakusikiliza kwa namna nyingine.

Kama 8.8.8.8 inajibu na tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, ule mfumo wa mwaka 1983 wa Paul Mockapetris unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka seva nyingine ya majina, mathalani 1.1.1.1, kisha andika ipconfig /flushdns. Mara nyingi hiyo inamaliza.

Kompyuta za ofisini zina kisa chao. Fundi wa ofisi huipa mashine anwani ya kudumu kwa mkono, tuseme 10.20.4.17, na mfanyakazi akiipeleka nyumbani haipigi hodi kabisa kwa sababu inaamini tayari ina kwao. Inaunganika, haifiki popote. Irudishe kwenye kupokea anwani yenyewe, ila kwanza andika zile namba za ofisi kwenye karatasi, utazihitaji Jumatatu.

Wanaofunga kamera za ulinzi huniuliza kwa nini hawawezi kuziona wakiwa mbali, ingawa wamefuata maelekezo yote. Tazama ukurasa wa ruta, anwani yake ya upande wa nje. Ikianza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, kampuni yako inawashirikisha wateja wengi anwani moja ya nje, kwa fungu lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Hapo hakuna mpangilio wa nyumbani utakaokusaidia. Omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa, au tumia kamera inayopitia seva ya mtengenezaji wake.

Na kuna siku ambazo kila kipimo cha ndani ni kizuri na kosa liko chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile nilipokea simu nyingi za watu waliokwisha kuzirudisha ruta zao kwenye hali ya kiwandani. Amri mbili zingewaambia ukweli: lango linajibu, nje hapajibu.

Kurudisha huko ndiko kazi ya kile kitundu cha pini. Kuzima ruta na kuiwasha hakufuti mpangilio wowote. Pini ikishikiliwa ndani kwa sekunde kumi hivi hufuta jina la Wi-Fi, neno la siri, fungu la anwani, na kwa huduma nyingi za kebo hufuta pia jina na neno la siri ambalo ruta hulitumia kujitambulisha kwa kampuni. Hayo ya mwisho wateja wengi hawajawahi hata kuyaona, kwa sababu aliyeyaandika ni fundi siku ya kufungiwa huduma. Kama yule mama angetangulia kuitumia, wapangaji wote wangelala bila intaneti, na binti asingekuwa amesogea hatua. Kwa hiyo leo, wakati mambo ni mazuri, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, fungua sehemu ya mipangilio ya intaneti na ya DHCP, uipige picha kwa simu. Kama neno la siri la kampuni limefichwa kwa nukta, wapigie walitume upya, uliandike kwenye karatasi na kuibandika chini ya ruta yenyewe.