Ng'ombe na Mwenyewe Chini ya Paa Moja

Wafugaji wa zamani wa Nyanda za Juu Kusini hawakumlaza ng'ombe mbali na mwenyewe. Usiku kulikuwa na chui, na kulikuwa na wavamizi, ambao pengine walitisha kuliko chui. Hata hivyo, namna ya kumhifadhi ilitofautiana kati ya Iringa na Mbeya, na sababu kubwa ilikuwa mvua.

Uhehe, mkoani Iringa, kiangazi ni kirefu. Huko ilifaa tembe. Nguzo zenye panda zilisimikwa, boriti zikalazwa juu ya panda, fito zikafungwa ubavuni, kisha ukuta ukakandikwa udongo. Paa lilikuwa bapa, nalo likafunikwa udongo. Vyumba vilizunguka ua, na ng'ombe walilala uani. Mwizi aliyewataka ilimbidi kwanza apite kwa watu.

Paa la namna hiyo lisingedumu Rungwe, mkoani Mbeya, ambako baadhi ya sehemu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wanyakyusa walijenga nyumba ndefu ya mianzi, yenye paa la nyasi lenye mteremko mkali, ng'ombe wakalala humo humo pamoja na watu. Mianzi ilisimamishwa karibu karibu na nafasi zake kujazwa udongo. Ukuta mara nyingi uliinamia nje, juu pakawa papana kuliko chini. Moto uliwapasha joto watu na mifugo, kwani baridi ya huko si ya mchezo.

Mtu angedhani nyumba kama hiyo ilinuka. Lakini Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21 aliyepita Uhehe mwaka 1879 akielekea kaskazini mwa Ziwa Nyasa, alisifu sana unadhifu wa makazi ya Wanyakyusa. Katika miaka ya 1930, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walichunguza maisha yao na kueleza jinsi wavulana walivyohama kwa wazazi na kujenga vijiji vya marika, huku wakiendelea kuchunga ng'ombe wa baba zao. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, hivyo nyumba iliyojaa mifugo ilitangaza hadhi ya mwenyewe.

Siku hizi Rungwe hufuga ng'ombe wa maziwa, wengi wao chotara, wanaokatiwa majani na kulishwa bandani. Banda ni la mbao na bati, hatua chache kutoka nyumbani, na samadi yake hupelekwa migombani.