Maji ya Samaki Nyumbani: Yaliyo Safi Mno Huenda Yasifae

Katika kuwatafutia watoto kiburudisho chema, jamaa nyingi siku hizi huweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wawili watatu. Jambo hilo lina kheri ndani yake: mtoto hujifunza kulisha, kungoja na kuhurumia. Lakini kiumbe aliyefungiwa hawezi kuyahama maji yasiyomfaa. Yu amana mikononi mwa mwenye nyumba, na amana hiyo huanza kwa maji.

Tulipime suala hili mahali ambapo kila tone lina thamani. Rapsu, upande wa Kinna katika kaunti ya Isiolo, ina mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, ilhali kandokando yake ni nchi kavu ya wafugaji. Jamaa ya huko ikitaka kufuga samaki, itumie maji gani?

Wengi watajibu: yaliyosafishwa kwa mashine. Mashine hiyo husukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi ikabaki nyuma na maji matupu yakapita. Hapo pana mashaka mawili. Kwanza, samaki wa maji baridi ana chumvi mwilini. Akiwekwa katika maji matupu, chumvi hiyo humtoka na maji humwingia kupita kiasi, akadhoofika. Pili, ili kupata lita 1, mashine nyingi za nyumbani humwaga lita 3 hivi. Tangi la lita 40 likibadilishwa moja ya tano ya maji yake kila wiki, huhitaji lita 8. Kuzipata, lita 24 zimekwenda. Hizo ni zaidi ya mtungi mzima wa lita 20 uliobebwa na punda. Sisi tunaofunzwa kutofanya israfu hata katika udhu, tutalitetea vipi jambo hilo?

Wala asikimbilie mtu maji ya betri. Yaliyo matupu hayafai yakiwa peke yake, na mengine huuzwa yakiwa yamekwisha kutiwa tindikali.

Njia njema imo juu ya paa. Maji ya mvua ni laini na hayana klorini. Manyunyu ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi la mabati, kisha yakingwe kwa chombo safi chenye kifuniko, wakati wa masika na wa vuli. Kwa kuwa nayo yana upungufu wa madini, yachanganywe na maji ya kisima. Kisima ambacho maji yake hayatoi povu la sabuni, au huacha ukoko mweupe ndani ya birika, kina chokaa nyingi. Hapo mvua izidi. Mwenye bomba la mjini naye ayaache maji ndani ya ndoo pana siku nzima ili klorini iruke.

Hata maji yakichaguliwa vyema, tangi jipya lisijazwe samaki mara moja. Bakteria wanaogeuza sumu ya kinyesi huhitaji wiki 4 hadi 6 kukaa sawa.

Isiolo yenyewe inatupa somo. Samaki mdogo aitwaye Nothobranchius bojiensis, aliyepewa jina hilo mwaka 1992 kwa nyanda za Boji, huishi katika madimbwi ya mvua. Madimbwi yakikauka, wakubwa hufa, mayai yakasubiri ndani ya tope hadi mvua irudi. Hakuna aliyemchujia maji. Yampasayo ni yale yaliyopita katika udongo wa kwao.

Basi kabla ya kununua, muulize muuzaji samaki huyo asili yake ni maji ya namna gani, kisha uchague anayeafikiana na maji uliyo nayo. Na maji yanayotolewa tangini yasimwagwe uani: yana mbolea, na sukumawiki itayapokea kwa shukrani.