Uchache wa Maneno na Wingi wa Maana

Katika mwaka wa 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitangaza mpango wa kuipunguza lugha yake hata yabakie maneno 850 tu, kwa muradi wa kumwezesha mgeni yeyote kuyahifadhi kwa muda mfupi na kusemezana na walimwengu. Na katika hayo, 600 yalikuwa majina ya vitu na mambo, 150 sifa, na 100 ya kuendeshea sentensi, ambamo vitenzi havikuzidi 18. Hesabu hiyo ilipendeza mno, hata Winston Churchill akaisifu hadharani mwaka wa 1943 alipohutubia Chuo Kikuu cha Harvard. Walakini kilichopunguzwa ni idadi ya maneno, si idadi ya mambo ambayo binadamu hutaka kuyasema, na mambo hayo yalipokosa maneno yake yenyewe yalikwenda kusongamana katika yale machache yaliyosalia.

Mtazame mwanafunzi anayekuta "take" na "off" zimefuatana: hapa mtu anavua kofia, kurasa chache mbele ndege inaruka, kisha mchuuzi anapunguza bei. Maneno yote mawili aliyajua tangu masomo ya mwanzo. Heri angekutana na neno asilolijua kabisa, kwani hilo lingemshurutisha kufungua kamusi, ilhali haya yanampitisha akidhani ameelewa.

Kitenzi "may" nacho ni miongoni mwa vile 18. Sentensi "You may not go" yaweza kuwa katazo, kwamba huna ruhusa ya kwenda, nayo yaweza kuwa dhana tu, kwamba pengine hutakwenda. Mwingereza aitamkapo aghalabu huzitenga maana hizo kwa mkazo wa sauti, lakini wino hauna sauti. Ni sadfa ya ajabu kwamba mwaka ule ule wa 1930 William Empson alitoa kitabu chake mashuhuri, Seven Types of Ambiguity, kilichoonyesha jinsi utata unavyoutajirisha ushairi, kisha baadaye akawa mtetezi wa mpango wa Ogden.

Michael West, aliyefundisha Bengal na kutunga vitabu vya wanafunzi, aliukosoa mpango huo mwaka wa 1934. Orodha yake mwenyewe ya mwaka wa 1953, yenye maneno kadiri ya 2,000, ilizieleza maana mbalimbali za neno pamoja na kiasi kila moja inavyotumika, ili mtungaji ateue maana ya kufundisha wala asiteue neno tupu. Na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ambayo watungaji wengi wangali wanairuka.

Utata ulio mbaya zaidi ni ule wa mazoezi, kwa kuwa huo hutoa hukumu. Mwanafunzi hupewa sentensi yenye pengo, "She ... to the market every Friday", na majibu ya nyuma ya kitabu yanakubali "goes" peke yake, aliyeandika "went" hupigwa mkasi, ijapokuwa Kiingereza chake ni sahihi, naye huondoka akitafuta kasoro katika elimu isiyo na kasoro. Kuongeza "now" mwishoni kungetosha kuliondoa jibu la "went", lakini yamkini mtungaji aliliacha neno hilo kwa kuhofia kuirefusha sentensi.