Mbwa mchangamfu ahitaji mazoezi, si mnyororo

WENGI wanaotafuta mbwa katika makao ya wanyama, kama yale ya shirika la KSPCA jijini Nairobi, hukimbilia watoto wa mbwa. Yule mkubwa anayerukaruka na kubweka kizimbani huachwa, eti ni mkorofi.

Hilo ni kosa. Ukubwa na tabia ya mbwa aliyekomaa vimeshajulikana, hivyo hutabahatisha. Mara nyingi hurukaruka kwa sababu amekosa mahali pa kutumia nguvu zake, kwani kizimba ni kidogo na siku ni ndefu.

Kabla ya kumchukua, omba utembee naye nje akiwa kambani. Uliza iwapo amezoea watoto, paka na kuku, na kama amehasiwa na kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka.

Nyumbani, mtembeze asubuhi na jioni. Mfunze amri chache, ukimtuza kipande cha chakula kila anapotii. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa, atabweka ovyo, atachimba chini ya ua na huenda hata akauma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu mpe hata miezi mitatu azoee boma na sauti za wenyeji. Ukimrudisha baada ya wiki moja, utakuwa umemfukuza kabla hajatambua kwamba amefika kwake.