Magofu ya Shela yamekuwa majumba ya kifahari. Nani analala ndani?

Kutoka soko la Lamu, mbele ya ngome, hadi kijiji cha Shela ni kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuo, au dakika chache kwa boti. Sokoni bei hutajwa kwa kilo ya samaki na fungu la mchicha. Shela, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili au tatu hutangazwa kwa dola, na kodi ya usiku mmoja yaweza kupita pato la mwezi la mchuuzi. Humo kuna mpishi na mhudumu, vitanda vya samadari vilivyofunikwa vyandarua vyeupe, pengine bwawa la kuogelea, na juu kabisa matakia ya kujinyoosha huku ukitazama majahazi yakipita mkondo wa Manda.

Mgeni anayelala humo analala mahali ambapo, nyumba hizi zilipojengwa, hakuruhusiwa hata kuchungulia. Mabadiliko yote yaliyozipata yamo katika jambo hilo moja.

Mgeni alikomea wapi

Mbele ya mlango kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba alipokea watu, akanywa nao kahawa, akasikia habari za bandarini. Wengi waliishia hapo. Aliyevuka mlango wa nakshi alikuta tekani, kiukumbi kilichopinda ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Mfanyabiashara aliyengoja upepo ugeuke apate kurudi Uarabuni au Bara Hindi alipewa sabule, chumba cha wageni, akala na kulala humo bila kukutana na wanawake wa nyumba.

Kutoka hapo nyumba ni ya wenyewe. Kiwanda, ua ulio wazi juu, huleta mwanga na hewa. Kisha hufuata misana, vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila unapoingia zaidi mwanga unapungua. Wembamba huo una sababu yake: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana wa mita tatu hivi. Kinachofuata ni ndani, chumba cha mama wa nyumba, chenye ukuta wa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu na kujazwa sahani za Kichina. Nyuma yake ni nyumba ya kati, palipozaliwa watoto na kuoshwa maiti.

Kwa mila ya waungwana wa Lamu, nyumba ilikuwa ya binti. Baba alimjengea yake, au alimwongezea ghorofa, au aliunganisha nyumba mbili kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Binti akiolewa hakutoka kwao. Mume ndiye aliyehamia.

Kwa nini zilianguka

Shela ilianza na watu waliohama Takwa, mji wa kisiwa cha Manda uliobaki mahame katika karne ya 17. Baada ya Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipowashinda Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate, neema iliongezeka. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulijengwa mwaka 1829. Fedha zilitoka kwenye pembe za ndovu, boriti na nafaka za mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa.

Reli ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, biashara ilielekea Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na mashamba yakapoteza nguvu kazi yake ya kulazimishwa. Uzuri wa misana ile hautenganiki na jasho hilo. Mkono uliolima bara ndio uliolipia zidaka. Mapato yalipokatika, nyumba zilikosa chokaa ya kila mara. Mvua iliingia, boriti zikaoza, ghorofa zikashuka juu ya zidaka, na mizizi ikafumua kuta.

Mgeni ahamia ndani

Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, na miaka iliyofuata wageni wa Ulaya walianza kuyaona magofu kwa jicho la mnunuzi. Mwaka 1975 msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu mji wa Lamu, na ramani za nyumba zilizokuwa vichwani mwa mafundi zikapatikana kitabuni. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Shela haimo ndani ya mipaka ya mji huo, lakini sifa ilivuka pamoja na bei.

Kuligeuza gofu kuwa nyumba ya kifahari ni kuipindua ramani. Juu kabisa, palipokuwa na jiko chini ya makuti, moshi na wajakazi, sasa ndipo sebule bora kwa sababu pana upepo na mandhari. Kiwanda chaweza kuchimbwa bwawa. Birika la chooni, lililofugiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, limepisha bomba la maji moto. Zidaka, zilizojengwa zionwe na wachache, ndizo picha ya kwanza katika tangazo.

Si kila badiliko ni hasara. Bila fedha hizo, nyumba nyingi zingebaki vifusi. Ukarabati umewapa kazi waashi, wachonga nakshi, manahodha na wenye punda, maana katika vichochoro vile mawe kutoka machimbo ya Maweni, Manda, hufika kwa jahazi kisha kwa mgongo wa punda. Kijana aliyejifunza kuchonga chokaa kwa sababu Mtaliano fulani alitaka ukuta wa zidaka anao ujuzi uliokaribia kupotea.

Chokaa haitaki haraka

Tatizo huanza tajiri anapokuwa na haraka. Chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha hungojwa iive kabla ya kupakwa. Saruji hukauka kesho. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, plasta hubanduka na vichwa vya boriti huoza pasipoonekana. Nyumba iliyodumu karne mbili huanza kuumwa miaka michache baada ya kutengenezwa.

Maji nayo yana hesabu yake. Vilima vya mchanga nyuma ya Shela ndivyo vinavyohifadhi mvua na kulisha visima ambavyo mji wa Lamu hunywea. Kila jumba linalopanda kuelekea vilima hivyo, na kila bwawa linalojazwa, linagusa ndoo ya mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu.

Hisa za warithi

Nyumba hizi huuzwa kwa nini, basi? Mara nyingi kwa sababu ya hesabu ya mirathi. Nyumba iliyoachiwa watoto sita, vizazi viwili baadaye ina warithi wengi waliotawanyika Mombasa, Malindi na Ghuba. Hakuna mwenye hisa ya kutosha kugharimia paa, ila kila mmoja ana hisa ya kutosha kutaka fedha. Mnunuzi akija, kuuza ndilo jambo pekee ambalo wote wanakubaliana.

Sheria imeacha mlango ambao familia nyingi hazijautumia ipasavyo. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Muda huo ni kikomo. Hakuna anayelazimika kuufikia. Familia inaweza kumpa mtu gofu kwa miaka 20 au 25, alitengeneze kwa gharama yake, alitumie, kisha alirudishe likiwa zima.

Mkataba wa namna hiyo unahitaji wakili, na unahitaji warithi wakae pamoja kabla dalali hajawafikia mmoja mmoja. Uandikwe kwamba kuta zitapakwa chokaa, zidaka hazitabomolewa na bwawa halitachimbwa. Utajwe mwaka wa kurudisha nyumba, na jina la atakayepokea ufunguo. Likiwa ni jina la binti wa ukoo, mila itakuwa imerudi kwa njia ya sheria.