Barafu badala ya betri: Jinsi jua linavyotunza chanjo nyikani Kyuso

WATOTO wanaozaliwa Kyuso, Ngomeni na Tseikuru, kaskazini mwa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, huhitaji chanjo zile zile anazopewa mtoto wa Nairobi: ya kifua kikuu na ya polio wanapozaliwa, ya pepopunda, dondakoo na kifaduro wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua wakitimiza miezi 9 na tena miezi 18.

Tofauti ni kwamba kichupa cha chanjo kinachowafikia huwa kimetoka mbali. Hutoka katika bohari kuu ya taifa iliyoko Kitengela, kikapitia ghala moja hadi jingine, na safari yake ya mwisho aghalabu huwa juu ya pikipiki, katika njia ya vumbi, chini ya jua linalopandisha joto kupita nyuzi 30. (Ngomeni inayozungumziwa hapa ni ile ya Ukambani, wala si ile ya Malindi ambako Waitaliano walirushia setilaiti kutoka baharini.)

Muda wote huo, na siku zote kitakazokaa kwenye zahanati, kichupa hicho hakina budi kuwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo hupungua nguvu kidogo kidogo, na ile ya polio ya matone ndiyo dhaifu kuliko zote. Baridi ikizidi ikawa barafu, chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B huharibika papo hapo, wala kuiyeyusha hakuirejeshei nguvu yake.

Hasara hii haionekani kwa macho. Mtoto aliyedungwa chanjo iliyokufa hulia kama mwenzake, kadi yake hutiwa alama, na mama hurudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe amekingwa. Ukweli hujulikana siku surua inapoingia kijijini.

Ndipo linapozuka swali ambalo kwa mkazi wa mjini huenda likaonekana dogo: Je, friji itaendeshwaje mahali ambapo nguzo za stima hazijafika, au zimefika lakini umeme wenyewe huja na kutoweka?

Jibu la kwanza lilikuwa moto. Mnamo 1922, wanafunzi wawili wa uhandisi jijini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mashine inayozunguka. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni. Mwali mdogo wa moto huchemsha amonia ikatoka majini kama mvuke. Mvuke huo hupoa kwenye mabomba ya nyuma na kuwa kiowevu. Kiowevu nacho hugeuka mvuke tena kikiwa ndani ya friji, na katika kugeuka huko hufyonza joto la vitu vilivyomo. Kisha maji huipokea amonia na mzunguko huanza upya.

Kwa miongo mingi friji za namna hii, zikichomwa kwa mafuta ya taa au gesi ya mtungi, ndizo zilizotunza chanjo katika zahanati za mashambani barani Afrika. Nchini Kenya, ambako mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980, wauguzi wengi waliofanya kazi mbali na miji wanazikumbuka vyema. Muuguzi alitakiwa kukata utambi ulingane, kuhakikisha mwali ni wa samawati wala si wa manjano, kusugua masizi kwenye dohani, na kuona kwamba friji imesimama sawasawa, kwani ikiinama kidogo tu kiowevu hakishuki inavyostahili.

Friji hiyo hula takriban lita moja ya mafuta kwa siku. Mafuta yakichelewa kuletwa, au yakiwa yamechanganywa na maji, chanjo zimo hatarini. Fauka ya hayo, mwali haujui saa. Mchana wa joto kali hushindwa kushusha baridi vya kutosha, na usiku hewa inapopoa hugandisha kilichomo ikiwa hakuna aliyeupunguza. Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi tena friji za mafuta ya taa kwa chanjo.

Teknolojia hiyo hiyo haijafa, ila imehamia kwingine. Friji nyingi zinazowekwa kwenye magari ya kulala watalii ni za uzao huo wa Stockholm: hutumia gesi gari linapoegeshwa, na umeme wa gari linapokuwa mwendoni. Mtalii anayepiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Mwingi, kwenye ukingo wa Tana ng'ambo ya Mbuga ya Meru, hulazimika kutafuta uwanja tambarare wa kuegesha gari kwa sababu ile ile iliyomfanya muuguzi wa zamani kuweka vijiwe chini ya miguu ya friji. Tofauti ni kwamba kinachoharibikia kwa mtalii ni maziwa na nyama.

Jibu la pili lilikuwa jua, na hapa Kyuso ina utajiri. Eneo hili liko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Kuanzia miaka ya 1980, friji zenye kompresa zilianza kuunganishwa na paneli za sola pamoja na betri. Paneli hujaza betri mchana, na betri huendesha friji usiku. Wazo ni zuri, lakini hesabu yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua friji ndogo ambayo kompresa yake hula wati 60. Katika hali ya joto jingi kompresa hiyo hufanya kazi karibu nusu ya siku, yaani saa 12. Hiyo ni sawa na uniti 0.72 za umeme kwa siku, tukipima kwa uniti zile zile ambazo mwenye stima hununua kwa tokeni. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 100Ah hubeba uniti 1.2. Hata hivyo, betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Zinabaki uniti 0.6. Kwa maneno mengine, betri nzima haitoshi siku moja.

Anayetaka friji yake ivumilie siku tatu za mawingu atahitaji betri nne za aina hiyo, pamoja na paneli ya takriban wati 200, akikadiria saa 5 za jua kali kwa siku na kuachia nafasi ya umeme unaopotea njiani. Na asipige hesabu hiyo kwa Februari, jua linapochoma. Katika sehemu nyingi za Ukambani, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na mawingu mazito ya baridi, na mtambo wa sola hupimwa kwa mwezi wake mbaya zaidi.

Wenye magari ya kambi hujifunza somo hili kwa uchungu. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, si kulisha friji usiku kucha, hivyo asubuhi vinywaji huwa baridi na gari haliwaki. Siku hizi wengi wao wamehamia betri za lithiamu, ambazo huweza kutumiwa karibu zote na hudumu miaka mingi zaidi, japo bei yake ni ya juu.

Kwa zahanati, tatizo la betri halikuwa la hesabu peke yake. Betri za risasi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na fedha za kununua nyingine hazikuwa katika bajeti ya mtu yeyote. Wafadhili walitoa mtambo, wakapiga picha, wakaondoka. Maji ya betri yalikauka. Betri zenyewe ni mali inayouzika, zikaibwa. Na simu za mkononi zilipoenea mashambani, kila mtu aliona mahali pa kuchajia. Waya mmoja ukawa kumi, na friji ikabaki na makombo. Ni vigumu kumlaumu mwanakijiji ambaye hana umeme kwingine ndani ya kilomita nyingi.

Suluhisho lililokuja baadaye ni rahisi kiasi cha kushangaza. Badala ya kuhifadhi umeme ili kutengeneza baridi usiku, hifadhi baridi yenyewe. Mnamo 2001 mashirika kadhaa, yakiwemo WHO, Unicef, UNEP, Greenpeace na Taasisi ya Teknolojia ya Denmark, yalianzisha mradi uitwao SolarChill wa kutafuta friji ya chanjo isiyohitaji betri. Kenya baadaye ilikuwa mojawapo ya nchi tatu, pamoja na Eswatini na Colombia, zilizochaguliwa kuijaribu teknolojia hiyo.

Katika friji hii paneli imeunganishwa moja kwa moja na kompresa. Jua likichomoza, kompresa huanza kuzunguka polepole na kuongeza kasi kadiri mwanga unavyozidi. Kazi yake mchana kutwa ni kugandisha maji yaliyofungiwa katika kuta za friji. Jua likitua, kompresa hunyamaza, na barafu huanza kuyeyuka taratibu huku ikifyonza joto lote linalopenya ndani.

Nguvu ya barafu ni kubwa. Joto linalohitajika kuyeyusha kilo moja ya barafu lingeweza kuyapasha maji ya kilo moja kutoka nyuzi sifuri hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana friji hizi, zikiwa na kuta nene za sponji, hutakiwa na WHO kuvumilia angalau siku tatu bila jua. Na barafu haiibwi, wala haichaji simu.

Lakini barafu hiyo hiyo ni adui wa chanjo. Wahandisi wameizuia isiguse vichupa kwa njia mbalimbali. Kampuni moja ya Wales ilitumia tabia ya ajabu ya maji: huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4. Maji ya baridi kuliko hapo huelea juu pamoja na barafu, na yale ya nyuzi 4 huzama chini na kuizunguka chumba cha chanjo. Friji hujipimia yenyewe, bila kitufe cha kuchezewa.

Je, kila zahanati inahitaji mtambo huo? La. Mwongozo unaotumika kimataifa ni kwamba penye stima ya kutegemewa kwa angalau saa 8 kwa siku, friji ya umeme yenye kuta za barafu inatosha, na ni nafuu zaidi. Sola huwekwa pale ambapo stima haipo au haifikii saa hizo. Kwa hiyo kuunganishwa na nyaya pekee hakutoshi kuamua. Anayepanga anapaswa kwanza kuhesabu saa ambazo taa huwaka kwa kweli.

Tangu 2013 huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti, maamuzi kama hayo, pamoja na gharama ya fundi, yako karibu zaidi na mwananchi. Friji isiyo na betri hupunguza gharama, ila haiziondoi. Kompresa na vidhibiti vyake huharibika, na fundi anayeielewa huenda akatoka mbali.

Lipo pia suala la umeme unaopotea. Barafu ikishajaa, aghalabu kabla ya alasiri, paneli huendelea kuzalisha umeme usio na kazi, ilhali chumba cha kujifungulia kando yake ni giza usiku. Sasa kuna vifaa vinavyochota ziada hiyo kwa taa na simu, mradi friji imeshiba kwanza.

Kazi iliyosalia kwa muuguzi si nyingi. Husoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika, hata wikendi. Hufungua mlango kwa nadra. Kabla ya kwenda kuchanja vijijini huacha vipakiti vya barafu nje hadi vitoe jasho na maji yasikike yakicheza ndani, visije vikagandisha chanjo kwenye kasha. Na mara kwa mara mtu hupanda juu ya paa na kitambaa chenye maji kupangusa paneli, na kuangalia kama mgunga uliopandwa uani kwa ajili ya kivuli cha wagonjwa umeanza kuzifikia.